Ukuta Wangu, Rangi Zake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivaa suruali ya marehemu mbele ya watu wa mtaa wetu wote pale Kabambare, na ile suruali ikakataa kufunga tumboni. Marehemu alikuwa mrefu na mwembamba. Mimi ni mfupi, na wakati ule nilikuwa nimeanza kushiba. Mkononi nilishika kopo la udongo mweupe, katikati ya meno nikabana unyoya wa jogoo, na kichwani nikavaa kofia yake ya ukindu yenye tundu. Watu wananitazama tu. Sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia dakika ile.

Kaa vizuri nikueleze kwa nini nilivaa. Sina haraka, na wewe usiwe nayo.

Marehemu aliitwa Asumani. Alimuoa dada yangu Feza, kwa hiyo alikuwa shemeji yangu. Mimi ni fundi wa matofali. Shule niliionja tu nikaondoka, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Nilianza kwa kubeba udongo kule misioni, Kasongo, nikiwa kijana. Mapadri walikuwa wanajenga, nami nikawaibia ufundi kwa macho. Hakuna aliyenifundisha kwa kuniita. Wabelgiji walipoamua kwamba watu wote watoke porini wajenge kando ya barabara, nyumba zikae kwenye mstari mmoja, mimi nilikuwa tayari najua kuchoma tofali, kupima pembe, kusimamisha ukuta usiolala. Kuanzia Kasongo mpaka Kabambare kuna kuta zangu. Nyingine ziko mpaka leo. Nenda ukazisukume, kama una nguvu.

Sasa Asumani yeye kazi yake ilikuwa nini? Alipaka kuta. Si chokaa, chokaa hata mtoto anapaka. Alichora. Udongo mweupe aliuchota kijitoni, mwekundu aliutoa kwenye kichuguu, mweusi ulikuwa masizi ya sufuria za Feza. Alivichanganya na maji ya bamia, yale yenye kuteleza, ili vishike. Siku ya kwanza nilipoona anakamua bamia kwenye rangi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Shemeji, unapika ao unafanya kazi?"

Akaniambia, "Vyote viwili, Bwana Tofali. Ukuta nao unakula."

Bwana Tofali, hilo ndilo jina alilonipa. Likaenea. Mpaka leo kuna wazee huko ambao jina langu la kweli hawalijui.

Na ile rangi ya bamia ilishika, mwanangu. Mimi fundi wa ukuta ninakuambia, ilishika mpaka mvua kubwa za mwisho wa mwaka.

Sikia sasa kidonda changu kilipo. Mimi nilichimba udongo, nikafyatua, nikachoma, nikabeba, nikasimamisha ukuta kwa jasho. Kisha anakuja huyu na unyoya wa kuku, anachora siku mbili huku anaimba, na watu wanapita na velo zao, baiskeli, wanasema, "Ona nyumba ya Asumani." Ya Asumani! Nyumba ya kapita wetu, msimamizi wa mashamba ya pamba, niliijenga mimi tangu msingi. Asumani akachora pale kapita mwenyewe amelala juu ya magunia ya pamba, kuku amekaa juu ya tumbo lake anaatamia. Kapita alitaka kumpiga. Lakini wake zake wakatoka, wakaona, wakashikana mabega kwa kicheko, naye akashindwa kukasirika peke yake. Kutoka siku ile kamioni zikipita zinapunguza mwendo ili watu waone kuku wa kapita. Hakuna hata mmoja aliyetazama pembe zangu, jinsi zilivyonyooka.

Niliona wivu. Ninalisema neno hilo kama lilivyo. Wakati ule nililiita kwa majina mengine. Nilisema, "Mimi ni mtu wa kazi." Nilisema, "Mtu mzima hachezi." Nilisema heshima. Yote ilikuwa wivu tu.

Na kama ingekuwa ni kuta peke yake, ningevumilia. Lakini huyu mtu alikuwa na nyumba yenye raha. Kila mtoto wake alipozaliwa alimchorea mnyama wake ndani, kwenye ukuta wa chumba cha kulala, basi ukiingia uani kwake ukauliza, "Weye ni nani?" mtoto anakujibu, "Mimi ni kanga," mwingine, "Mimi ni kinyonga ya papa yangu." Feza alipojifungua, Asumani alitwanga sombe, majani ya muhogo, yeye mwenyewe, uani, watu wanaona. Wanaume walimzomea. Yeye akabadilisha mapigo ya mchi yakawa ngoma, na wale waliokuja kumzomea wakaanza kucheza. Jioni mke wangu Mariamu akaniambia polepole, "Shemeji yako ametwanga sombe leo."

Nikamjibu, "Na mimi nimechoma tofali leo. Unataka nini tena?"

Hakutaka kitu. Aliendelea kukaa upande wa ua uliokuwa karibu na kwa Asumani, kwa sababu kicheko cha kule kilikuwa kinafika.

Watoto wangu walisimama nikiingia. Walinyamaza, wakasimama. Nilijivunia jambo hilo. Lakini nikitoka tu, nilijua wanakimbilia wapi.

Asumani alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu aliijua. Akichora kidogo, anabana unyoya kwenye meno, anafunga jicho moja, halafu anatembea kinyumenyume ili auone ukuta kwa mbali. Hatazami aendako hata kidogo. Aligonga mitungi, aligonga mbuzi, siku moja aligonga mama mkwe wa kapita na kapu lake la mihogo. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa karibu, mke, watoto, wapita njia, alipaswa kupiga kelele: "Nyuma, Asumani, nyuma!" Ulikuwa kama wimbo wa mtaa. Nami kule kwenye tanuru yangu nikisikia "Nyuma, nyuma!" na kicheko baada yake, nilipiga tofali kwa mwiko kama limenikosea.

Nilipomaliza nyumba yangu mwenyewe, ya tofali la kuchoma na mabati juu, nyeupe yote kwa chokaa, Mariamu aliniomba Asumani achore. Nikakataa. Asumani mwenyewe akaja.

"Bwana Tofali, sitaki nyumba yote. Nipe pembeni ya mlango tu."

"Ukuta wangu ni safi," nikamwambia. "Uache hivyo."

"Iko safi kweli. Lakini iko na njaa."

"Ukuta wangu ulishashiba sima."

Alicheka, akainua kofia yake yenye tundu, akaenda. Na kila mara alipopita mbele ya nyumba yangu, miaka yote, alifunga jicho moja, akatembea kinyumenyume barabarani akiutazama ukuta wangu mweupe, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayetazama mgonjwa. Watoto wangu waliuma midomo wasicheke. Mimi niliwaona.

Kisha akafa. Ilikuwa majira ya mvua, kifua kilimbana, na kabla hatujajua ugonjwa ni mkubwa, kilio kikasikika. Nilikuwa Kabambare, nilimzika. Walikuja watu wa Lusangi kwa miguu, walikuja wa njia ya Kasongo kwenye kamioni, Waislamu na Wakristo, hata kapita alikuja akiwa amevaa koti katika joto. Nilisimama pale kaburini, dada yangu analia pembeni, na unajua nilikuwa ninafikiri nini? Nilifikiri: siku yangu watakuja hivi? Nikajibu mwenyewe, nikasikia uchungu, na uchungu ule haukuwa wa msiba.

Sasa uelewe desturi ya kwetu, maana vijana wa leo wameanza kuiacha. Tangu mazishi, katika ua wa marehemu hakuna ruhusa ya kucheka. Mjane anakaa kwenye mkeka, hapiki, haendi mtoni wala shambani. Watoto wanakaa naye. Na hakuna anayeweza kufungua msiba isipokuwa kaka mkubwa wa mjane, yaani shemeji. Siku ya kumaliza matanga anavaa nguo za marehemu, anatoka mbele ya watu, anamwigiza: alivyotembea, alivyosema, alivyofanya kazi. Anaigiza mpaka mjane acheke. Mjane akicheka, msiba umefunguka, anainuka kwenye mkeka. Asipocheka, anabaki pale. Ni hivyo.

Kaka mkubwa wa Feza ni mimi.

Niliposikia siku inakaribia nilikuwa Kasongo, nimepata kazi ya kujengea mfanyabiashara mmoja Mzungu butiki yake. Nikasema, kazi haiwezi kusimama. Nikanunua mbuzi mzuri, nikampakia kwenye kamioni pamoja na ujumbe: huyu mbuzi ni mkono wangu, mtafute kijana mwingine wa ukoo aigize. Nilijiona nimemaliza jambo kwa heshima. Mimi, nivae kofia ya tundu na kuchekwa na watu niliowajengea? Nimwigize mtu ambaye maisha yote nilikuwa ninaomba asitajwe mbele yangu?

Kamioni ilipopita tena Kasongo, dereva alishusha mbuzi wangu. Yule yule. Alikuwa amevalishwa shati la Asumani, mikono imekunjwa kwenye miguu ya mbele. Dereva alishindwa kusema kwa kicheko.

"Mama Mwamini amesema nikuambie, tumemuvalisha, tumemusimamisha mbele ya watu. Hakuchekesha mutu. Ulete shemeji wa kweli."

Mwamini ni shangazi yetu, dada ya baba yangu, mwanamke mdogo wa mwili, mdomo wake mkubwa kuliko soko. Nilipanda kamioni ile ile kurudi Kabambare, mimi na mbuzi nyuma juu ya magunia, na watu njia nzima wanauliza nani kati yetu ndiye abiria.

Nilimkuta Shangazi anachambua maharage mlangoni. Hakuniambia karibu.

"Umefika," akasema. "Yupi ni mbuzi?"

"Shangazi, nina kazi Kasongo. Mzungu ananingoja."

"Dada yako naye anakungoja. Amekonda. Watoto wake wamesahau meno yao. Ile nyumba iliyokuwa na kelele kushinda soko, sasa unaweza kusikia inzi." Akaacha maharage. "Niambie sasa, wewe unaona haya, ao unamwonea wivu maiti?"

"Mimi? Nione wivu wa nini? Wa masizi na bamia?"

"Ee, wa masizi na bamia."

Hakuna mtu alikuwa amewahi kunisemea hivyo usoni, maana watu walikuwa wananihitaji kwa kuta zao.

"Ukuta wako ni mzuri," akasema, sauti imepungua. "Nani alikataa? Lakini wewe ukimaliza ukuta unakusanya vyombo unaondoka, unataka watu wakusifu nyuma yako. Asumani akimaliza anaita watu, 'Njooni, njooni muone,' na yeye mwenyewe anasimama katikati yao. Ni hiyo tu. Hakukunyang'anya kitu. Kesho utavaa ile suruali. Dada yako hatazeekea kwenye mkeka kwa sababu ya kiburi chako."

Ndivyo nilivyovaa suruali ya marehemu, mwanangu.

Ua ulijaa. Feza alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, anatazama chini. Watoto wake kando yake, kanga na kinyonga na wengine, wamekaa kama wageni katika nyumba yao. Mwalimu wa msikiti hakuipenda sana desturi ile, lakini alikuja akakaa pembeni karibu na watu wa misioni. Nilitembea mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Nikachovya unyoya, nikavuta mstari mweupe. Hakuna aliyecheka. Nikajaribu sauti yake, nikasema, "Ukuta huu iko na njaa." Nikasikia kijana mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Huyu anamwigiza nani? Padri?"

Hapo nilitaka kuvua kofia niondoke. Kweli nilitaka. Nikamtazama dada yangu. Feza nilimbeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Alikuwa anatazama mkeka wake kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

Basi nikabana unyoya kwenye meno. Nikafunga jicho moja. Nikaanza kutembea kinyumenyume.

Mwanangu, hujui jinsi ilivyo vigumu kutembea kinyumenyume katikati ya watu bila kugeuka. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kupima kwanza. Sasa ninaenda nisikokuona, suruali inashuka, ninaishika kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza ule mstari wangu niliochora nikauona kwa mbali. Ulikuwa umepinda. Nikaendelea kurudi nyuma. Hakuna aliyenipigia kelele. Ua wote walijua wimbo ule, na wote waliufunga mdomoni, kwa sababu mwenye wimbo amekufa.

Halafu nikasikia sauti kavu, ya mtu ambaye hajatumia sauti yake siku nyingi.

"Nyuma, Asumani! Nyuma!"

Alikuwa Feza.

Nilichelewa. Nyuma yangu alikuwa amefungwa mbuzi. Ndiyo, mbuzi wangu wa Kasongo, niliyerudi naye kwenye kamioni, anangoja kuchinjwa. Nilimkalia. Akaruka, nikaruka naye, kopo likageuka juu ya kichwa changu, udongo mweupe ukashuka mpaka kwenye masikio, na suruali ya marehemu ikamaliza kazi yake, ikashuka kwenye magoti.

Feza alicheka. Alianza kidogo, kama kikohozi, kisha akashika tumbo, akalala upande mmoja kwenye mkeka, anacheka na machozi yanatoka. Watoto wakamtazama kwanza, wakaona ni ruhusa, wakalipuka. Kapita akacheka. Mwalimu alificha mdomo kwa kanzu, lakini mabega yake yalimsaliti. Shangazi Mwamini akapiga vigelegele, akamshika Feza mkono, akamwinua. Msiba ukafunguka.

Nami niko chini, mweupe kama ukuta wangu. Kicheko kile kilinipata mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Nikasema moyoni, kumbe ndicho hiki alichokuwa anakipata kila siku! Na pale pale, nikiwa bado chini, wivu ukarudi. Kwa sababu nilijua hawanicheki mimi. Walimcheka yeye. Nilianguka mimi, nikaumia mgongo mimi, na kicheko kikaenda kwa Asumani, kama nyumba zangu zote zilivyokwenda kwake. Hata kaburini alikuwa ananichukulia ukuta wangu.

Nilirudi nyumbani bado nina udongo masikioni. Watoto wangu wakasimama. Wakanyamaza, kama kawaida. Nikawatazama walivyosimama kwenye mstari, wamenyooka kama pembe zangu, nikaogopa.

Kopo lilikuwa na udongo kidogo chini. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya ukuta wangu mweupe, na kwa sababu chokaa ni nyeupe na udongo ni mweupe, nikaenda jikoni kwa Mariamu nikakwangua masizi. Akauliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Napika." Nikachora pembeni ya mlango, pale pale Asumani alipopaomba. Nilichora mbuzi. Nilichora kwa bidii sana, na kichwa chake, na pembe zake, na miguu yake minne. Nikabana unyoya kwenye meno, nikafunga jicho, nikarudi nyuma.

Mtoto wangu wa tatu, ambaye alikuwa muoga kuliko wote, akasema, "Papa, hiyo meza ni ya nani?"

Mariamu akashindwa kujizuia. Watoto wakamtazama mama yao, wakanitazama mimi, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini barabarani. Na kicheko kile, mwanangu, hakikuwa cha Asumani. Asumani angemchora mbuzi mpaka asikike analia. Kicheko cha meza kilikuwa changu peke yangu.

Mvua ilimfuta. Nilimchora tena baada ya mvua, akawa meza tena. Kila mwaka. Nyumba ya Asumani ya udongo ilishaanguka, na picha zake zote, hata kuku wa kapita, zilikwenda na maji. Nyumba yangu ingali imesimama. Lakini uliza hapo Kabambare nyumba ya fundi Ramazani iko wapi, watakutazama tu. Uliza nyumba ya meza, hata mtoto atakupeleka. Na ukikaa na wazee jioni, baada ya muda mfupi wataanza, "Unakumbuka Asumani alivyogonga mama mkwe wa kapita?" Nami ninakaa pale, ninacheka pamoja nao, na ndani kile kidonda bado kinanichoma kidogo. Sitakudanganya kwamba kimepoa.

Basi shika maneno yangu. Wivu ukikukamata, uite wivu, usiuvalishe shati la heshima wala la kazi, kwa sababu ukiuvalisha utatembea nao miaka mingi ukidhani ni mwili wako. Yule unayemwonea wivu, usimkimbie. Nenda uani kwake, kaa, ule sombe aliyotwanga, umuulize anachanganya nini na bamia. Mimi nilikuwa na jirani wa namna ile, na nikauchunga ukuta wangu usimguse, na sasa ningetoa mabati yangu yote ili achore pembeni ya mlango mara moja tu. Jenga, ndiyo, jenga vizuri, pima pembe zako. Lakini ukimaliza usiondoke, waite watoto wako waje waone, na ukikosea waache wakucheke, wewe ukiwa hapo hai unasikia. Usingoje shemeji avae suruali yako ndipo nyumba yako icheke.

Mungu akupe mikono yenye kazi na ua wenye kelele. Akupe mtu wa kukuambia "Nyuma!" kila utakapotembea bila kuona. Na siku yako itakapofika, ambayo iwe mbali, atakayevaa kofia yako apate mengi ya kuigiza.